Mgahawa wa Sichuan wa bei nafuu: agiza ladha tofauti, si wekundu tu

Mkuu, umeuliza watu wanne waagize nini kwenye mgahawa wa Sichuan, yaani chakula cha jimbo hilo la China, ule wa kawaida wenye matawi kadhaa mjini, maana mara ya kwanza kila sahani ilikuja nyekundu na mkashindwa kumaliza. Pilipili msiilaumu sana. Mliagiza ladha moja mara nne.

Upishi wa Sichuan una ladha nyingi zenye majina yake, na mala ni moja tu kati ya hizo. "Ma" ni ganzi, "la" ni ukali wa pilipili. Ganzi inaletwa na huajiao, maganda makavu ya kitunda cha jamii moja na michungwa, hayahusiani na pilipili manga. Ulimi ukianza kutetemeka na mate kujaa, tulia, itapita yenyewe. Midomo ikivimba au pumzi ikibana, huo ni mzio, wahi kwa daktari.

Watu wanne chukueni sahani nne za katikati ya meza, na kila mtu bakuli lake la wali mweupe. Sahani moja iwe baridi, moja ya mchuzi mwekundu, moja kavu ya kukaangwa, na mboga isiyo na pilipili kabisa. Ya baridi inaweza kuwa kuku wa kuchemsha aliyemwagiwa mafuta ya pilipili, au tango la kuponda na kitunguu saumu. Kwenye mchuzi, mapo tofu (tofu ni maziwa ya soya yaliyogandishwa) au samaki wa shuizhu, msichukue vyote viwili. Hilo jina shuizhu limeponza wengi, kwa kuwa maana yake ni "kuchemshwa kwa maji", kumbe bakuli linakuja limefunikwa na mafuta na pilipili kavu. Mchuzi ule haunywewi! Nyanyua kipande kwa vijiti, kiache kichuruzike, kisha kiweke juu ya wali. Kwa sahani kavu kuna laziji, kuku wa vipande vidogo aliyefichwa kwenye rundo la pilipili kavu. Zile ni za harufu. Okota kuku, ziache.

Kosa linaloniuma kuliko yote ni mtu kuomba mapo tofu isiyo na pilipili. Uhai wa sahani ile ni doubanjiang, yaani maharage mapana yaliyochachushwa na pilipili, na ukiitoa unabaki na tofu kwenye uji wa wanga. Asiyeweza ukali aagiziwe kitu kilichozaliwa kipole, kama bata wa kufukizwa kwa moshi wa chai. Biringanya za yuxiang nazo huwa na sukari, siki na pilipili ya kiasi. Jina lake linataja samaki, lakini samaki hawekwi.

Kama kuna asiyekula nguruwe, kuwa makini na nyama ya kusaga. Mara nyingi imo kwenye maharage mabichi ya maganda yaliyokaangwa, tambi za dandan, hata hizo biringanya. Mapo tofu kiasili ni ya ng'ombe, ila majiko mengi hutumia nguruwe. Mtajie mhudumu sahani moja moja, maana swali la jumla hupata jibu la jumla. Karanga zimo kwenye kuku wa gongbao, na dandan mara nyingi ina ufuta.

Tambi za dandan zikifika, zikoroge papo hapo kuanzia chini, kwa kuwa sosi imelala chini na tambi hugandana upesi. Bakuli ni dogo na mchuzi ni kidogo, msidhani mmepunjwa. Kilikuwa chakula cha mtaani, kikibebwa kwa mti begani.

Mdomo ukiwaka, maji hayasaidii, kwa sababu kikali cha pilipili hakiyeyuki kwenye maji. Chai ya moto huzidisha. Kunywa maziwa au tafuna wali.

Kuhusu tawi lipi, sosi na vyakula baridi huwa havitofautiani sana, tofauti iko kwenye karai. Agiza huiguorou, nguruwe anayechemshwa kisha kukaangwa. Vipande vyembamba vilivyojikunja kama kisahani maana yake mpishi ana moto na mkono. Vikiwa vinene, vimelala bapa na kuogelea kwenye mafuta, nenda tawi jingine. Kwa wasiokula nguruwe, pimeni kwa maharage mabichi, mkiomba yasiwekwe nyama: ganda lake liwe limesinyaa, na sahani isiwe na dimbwi la mafuta chini.