Barua kwa mwanangu: sikiliza nani anacheka

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Unasema mlikwenda Frankfurt kutazama Die Ermittlung, tamthilia ya Peter Weiss kuhusu Auschwitz, ile kambi ya mauaji ya Wanazi, ukarudi umekasirika: watu wamekaa vitini wanasema tu, hakuna sare za wafungwa, na neno Myahudi halikutamkwa hata mara moja. Unaniuliza, wameogopa kuonyesha ukweli?

Kuna jambo sijawahi kukusimulia. Nikiwa kidato cha tatu, shule ya bweni, tulicheza Mabepari wa Venisi, tamthilia ya Shakespeare katika ile tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1969. Nilipewa kuwa Shylock, yule Myahudi mkopesha fedha. Nikafunga mto mgongoni nikawa kibyongo, nikabandika pua ya karatasi, nikanoa kisu kwenye soli ya kiatu. Bwalo zima likavunjika mbavu. Shylock aliponyang'anywa mali na kulazimishwa kuwa Mkristo, wakashangilia, nami nikainama kupokea makofi. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwona Myahudi. Hata Uingereza ya Shakespeare ilikuwa imewafukuza Wayahudi tangu 1290, miaka mia tatu kabla hajaandika. Watu wake walimcheka mtu wa kusimuliwa. Na mwaka 1943, Wayahudi wa Vienna wakiwa wamekwisha kufukuzwa au kusombwa kupelekwa kuuawa, Burgtheater, ukumbi wa tamthilia wa mji huohuo, ilimpandisha mwigizaji Werner Krauss jukwaani awe Shylock. Niliposoma habari hiyo, nikiwa mtu mzima, nilikumbuka pua yangu ya karatasi. Bado naikumbuka.

Kwa hiyo Weiss namwelewa. Alihudhuria kesi ya Frankfurt ya 1963 hadi 1965, ya watu waliotumika Auschwitz, akayachukua maneno ya mahakamani akayapanga. Tarehe 19 Oktoba 1965 kumbi zaidi ya kumi za Ujerumani Mashariki na Magharibi ziliionyesha tamthilia hiyo kwa mara ya kwanza siku moja. Mashahidi hawana majina, maana kambini walinyang'anywa. Washtakiwa wanayo, yaleyale yao ya kweli. Na je, uliwasikia wakicheka? Shahidi anaeleza mambo ya kutisha, nao wanacheka kwa pamoja, watu wazima wenye heshima zao. Kicheko kile ndicho cha bwaloni kwetu. Sare ya mfungwa ingekupa mahali pa kujificha: ungemlilia mwigizaji aliyejipaka majivu, ukafuta machozi, ukaenda kula.

Lakini kuhusu lile neno, nakuunga mkono. Weiss alitaka lawama ivifikie pia viwanda vilivyotajirika kwa jasho la wafungwa, nami sipingi. Ila Wayahudi milioni sita waliuawa kwa sababu ya kuwa Wayahudi. Baba yake Weiss mwenyewe alitoka katika ukoo wa Kiyahudi, na familia ikakimbia Ujerumani, kwa hiyo uchungu alikuwa nao. Pengo lipo vilevile.

Kisha nawakumbuka Urwintore, waigizaji wa Rwanda walioicheza tamthilia hii London mwaka 2007. Dorcy Rugamba, aliyeshiriki kuiongoza, wazazi wake waliuawa Kigali Aprili 1994, katika mauaji ya kimbari. Ushahidi wa Auschwitz ukatoka vinywani mwa Wanyarwanda, na pengo ninalolilaumu ndilo lililowapa mlango wa kuingilia. Hapo nasita, mwanangu, na sijapata jibu.

Ukienda tena, keti karibu na jukwaa. Washtakiwa wakicheka, geuka uwatazame watu wa safu yako, kisha uniandikie umeona nini.

Baba yako