Mchezo wako wa kivinjari uingie Steam: majibu kwa wasomaji wa Lubumbashi

Yaya, mchezo wangu unachezwa kwenye Chrome. Niutume Steam vile ulivyo? (Msomaji, Katuba)

Hapana, mdogo wangu. Steam, duka la mtandaoni la michezo ya kompyuta, inapokea programu ya kompyuta, si anwani ya tovuti. Faili zako za HTML na JavaScript zifunge ndani ya Electron au NW.js, zana za kugeuza kazi ya kivinjari kuwa programu ya kompyuta. Hizo hubeba Chromium nzima, yaani kivinjari kizima, ndiyo maana mchezo wa mega 5 huvuka mega 100.

Ukimaliza, zima intaneti kisha ufungue mchezo. Wangu ulifunguka skrini nyeupe tupu. Nilihangaika usiku kucha, kumbe mstari mmoja ulikuwa bado unavuta maktaba ya JavaScript kutoka mtandaoni. Kila herufi, sauti na picha iwe ndani ya folda yako. Aliyenunua mchezo asilazimike kununua mega tena ili aucheze.

Rafiki zangu walifika hatua ya 12, toleo la kompyuta likawarudisha mwanzo. (Msomaji, Ruashi)

Pole sana. Ulitunza maendeleo kwenye localStorage, hifadhi iliyo ndani ya kivinjari, nayo imefungamana na anwani ya tovuti. Anwani ikibadilika, ya zamani hayaonekani tena. Andika faili ya kawaida kwenye diski, Steam Cloud, hifadhi ya mtandaoni ya Steam, itaweza kuinakili. Na kwa kuwa umeme wetu hukatika bila hodi, andika kwanza faili mpya pembeni. Ikikamilika ndipo ichukue nafasi ya ile ya zamani. Ukiandika juu ya ile ile, umeme ukakatika katikati, mchezaji atabaki na faili iliyoharibika. Hili nakuomba usiliache.

Pesa ngapi, siku ngapi? (Msomaji, Kampemba)

Dola 100 kwa kila mchezo, na zinarudi mauzo yakifika dola 1,000. Steam hukata asilimia 30. Tangu ulipe hadi utoe mchezo wa kwanza ni siku 30, na ukurasa wa kuutangaza ukae wazi wiki 2 au zaidi. Malipo huenda benki, si kwenye simu, kwa hiyo jina la akaunti lilingane na ulilojisajili nalo.

Nifute toleo la bure? (Msomaji, komini ya Kenya)

Usifute. Acha sura ya kwanza itch.io, ambako michezo ya kivinjari huwekwa bila malipo, na mwishoni mwake weka kiungo cha ukurasa wako wa Steam.