Vipuri vya pedali ya kwanza ya gitaa

Ndugu, umeuliza ununue vipuri gani kwa pedali ya kwanza. Anza na busta (pedali ya kuongeza nguvu ya mawimbi ya gitaa) ya transista moja, ule mpangilio wa pedali ya LPB-1 ya kampuni ya Electro-Harmonix. Rizista nne za robo wati: 430k, 43k, 10k (k ni omu elfu) na ya omu 390. Pima kila moja kwa mita kabla ya kuilehemu, maana 43k na 430k zinatofautiana mstari mmoja tu wa rangi. Kapasita mbili za filamu zenye namba 104, yaani mikrofaradi 0.1. Ukipewa 103, ambayo ni ndogo mara kumi, besi itapotea. Poti (kitufe cha kuzungusha cha sauti) iwe A100k, A ikiwa aina ya logi, kwani kwa aina ya B, ya mstari, sauti hurukia juu ukiigusa kidogo tu.

Transista ni 2N5088. BC549 nayo inafaa, ila miguu imegeuzwa: upande bapa ukikutazama, mguu wa kushoto wa 2N5088 ni emita, wa BC549 ni kolekta (emita na kolekta ni miguu miwili ya pembeni ya transista). Wengi hukwama hapo.

Ukiwasha kwa volti 9, pima kolekta: volti 4 hadi 6 ni nzuri. Chini ya 1, huenda umebadilishana 43k na 430k. Ongeza diodi 1N5817 kwenye waya wa chanya. Adapta ikigeuzwa, transista inabaki salama.