Mwaka Mzima wa Kupigwa Kabla Sijajua Kukinga

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe wa msomaji aliyeanza kucheza Street Fighter II, gemu ya video ya mapigano ya watu wawili, ambaye kwa majuma mawili hajamshinda mtu hata mara moja, akiniomba nimtajie mhusika mwenye nguvu kuliko wote na kombo isiyozuilika, yaani mfululizo wa mapigo yanayofuatana bila kumpa adui nafasi. Ningeweza kumjibu kwa mistari miwili, lakini maswali hayo ndiyo niliyoanza nayo mimi pia, nayo yalinila mwaka mzima.

Niliingia katika gemu za kale za mapigano kwa kutazama video moja. Ni ile ya Evo ya mwaka 2004, mashindano ya gemu za mapigano, ambamo mchezaji Daigo Umehara, akimtumia mhusika Ken aliyebakiwa na uhai kiduchu, anapangua mapigo yote 15 ya Chun-Li, mhusika wa mpinzani wake Justin Wong, kisha anageuza kibao na kushinda raundi. Nilichokuwa sijui ni kwamba ile ilikuwa Street Fighter III: 3rd Strike ya mwaka 1999, ambamo ukisukuma kijiti cha kuchezea mbele kwa wakati barabara unalipangua pigo bila kuumia, ilhali mimi nilikuwa nimewasha Street Fighter II ya mwaka 1991, ambamo kusukuma kijiti mbele ni kumfuata mpigaji alipo. Kwa siku tatu nzima nilimpelekea adui uso wangu, nikiamini kwamba kilichonipungukia ni wepesi tu.

Baada ya aibu hiyo nilijifungia na Ken kwa majuma matatu, nikikariri kombo mbele ya adui aliyesimama kama gogo. Mtu wa kwanza niliyekutana naye mtandaoni alikuwa akimtumia mhusika Guile. Alichutama kwenye kona na kutulia. Nilipokaribia alirusha wimbi lake, pigo linalosafiri kutoka mbali, niliporuka kulikwepa alinidungua kwa teke, na nilipoinuka nilikuta wimbi jingine liko njiani. Kombo yangu sikuitumia hata mara moja, kwa sababu sikuwahi kumfikia. Tulicheza mechi 17 nami nilishindwa zote 17, na mwishoni aliniandikia maneno mawili: “Kajifunze kwanza.” Naweza kujidai kwamba nimesahau, lakini ninapoandika sentensi hii bado masikio yananichoma.

Niligoma kwa miezi kadhaa, ambayo sina la kusimulia juu yake.

Niliporudi, jambo la kwanza nililofanya ni kutazama rekodi ya mojawapo ya mechi zile nikiwa na kalamu mkononi. Nilikuwa nimeruka mara 23, na kati ya hizo nilipigwa mara 19. Katika gemu hii aliye hewani hawezi kukinga wala kubadili njia, kwa hiyo kila aliyeruka ameshamwambia mwenzake mahali atakapotua. Yule mtu wa Guile hakuwa mchawi, bali alikuwa akinisubiri nijipeleke mwenyewe kwenye kisu.

Hapo ndipo nilipoanza kujifunza kukinga, na hapo ndipo nawe unapaswa kuanzia. Kuvuta kijiti nyuma ni kukinga, lakini ukikinga umesimama utapigwa miguuni, na ukikinga umechutama utapigwa na anayeshuka kutoka juu. Mapigo maalumu, kama ule moto anaourusha mhusika Ryu, yanakula uhai kidogo hata yakikingwa, na anayekinga bila kufanya lolote jingine atakuja kukamatwa na kubwagwa, kwa kuwa kinga haizuii kubwagwa. Kwa hiyo usikinge kwa hofu. Kinga ukiwa unamtazama mwenzako anataka nini.

Mtazame Guile, kwa mfano. Wimbi lake linataka avute kijiti nyuma kwa muda ndipo alirushe, na ndiyo maana anapenda kuchutama huku amevuta kijiti nyuma, kwani hapo anachaji, yaani anatayarisha, wimbi na lile teke lake la kupinduka kwa pamoja. Ukimwona anatembea kukufuata, ujue chaji ya wimbi imepotea. Hakuna aliyenieleza jambo hilo, nami nililigundua kwa kupigwa.

Kuhusu mhusika, chukua Ryu na umwache akuchoshe. Moto wake unatoka kwa kuburuza kijiti chini, mshazari, mbele, kisha ngumi. Ngumi yake ya kupanda, ambayo ndiyo dawa ya wanaoruka, ni mbele, chini, mshazari wa chini-mbele, kisha ngumi. Fanya mazoezi ukiwa pande zote mbili za skrini, maana ukivuka upande wa pili kila kitu kinageuka, na mimi kwa muda mrefu nilikuwa bingwa wa upande wa kushoto peke yake. Vitufe ni sita, vitatu vya ngumi na vitatu vya mateke, lakini mwanzoni viwili au vitatu vinatosha.

Na kombo? Inafaa ujue kwamba hata watengenezaji wa Street Fighter II hawakuzipanga. Waliziona wakati wa kuijaribu gemu, wakaziacha zibaki. Wewe unataka kuanza na kitu ambacho wenye gemu yao walikikuta njiani.

Mwezi uliopita nilikutana tena na Guile wa kwenye kona. Kama ni yule yule, sijui. Nilitembea, nikakinga, nikatembea tena, na katika raundi tatu niliruka mara nne tu. Raundi ya mwisho niliimaliza kwa ngumi ya kupanda, yeye ndiye aliyekuwa hewani, nami nilisimama nikapiga kelele peke yangu chumbani. Sikumwandikia neno lolote, ingawa nilikuwa nimeshalichapa.

Vijana wa siku hizi mnataka mkato, na mkato haupo. Kinga kwanza, kombo baadaye, kisha rudi ukinge tena. Kwa hiyo, ndugu msomaji uliyeniandikia, cheza mechi kumi ukiwa na Ryu, uzirekodi, uhesabu umeruka mara ngapi na umepigwa mara ngapi ukiwa hewani, kisha niletee hesabu hiyo kabla hujaniuliza tena juu ya mhusika mwenye nguvu kuliko wote.