Nimechaguliwa udaktari vyuo viwili, nithibitishe kipi?

SWALI: Shikamoo anti. Mie binti wa miaka 20, naishi Makorora hapa hapa Tanga, nimemaliza kidato cha sita mchepuo wa PCB (fizikia, kemia na baiolojia) na alhamdulillah nimechaguliwa udaktari Muhimbili na KCMC Moshi. Mama anauza samaki pale Deep Sea, baba alishatangulia mbele ya haki. Mjomba wa Mbagala anasema niende Muhimbili nikae kwake nisilipe hosteli, ila moyo wangu upo Moshi, kumetulia halafu rafiki yangu yupo huko anasema wanafundishwa vizuri. Siku za kuthibitisha zinaisha na mkopo nimeomba ila majibu bado. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu, hongera sana, na mama mpe hongera zake, maana kumsomesha mtu PCB kwa hela ya samaki sio kitu kidogo.

Rafiki yako hakudanganyi. KCMC ni hospitali ya rufaa ya kanda tangu 1971 na Muhimbili ndo ya taifa, kote utaona wagonjwa mpaka uchoke. Kote miaka 5, kisha mwaka 1 wa intanishipu, na usajili ni Baraza la Madaktari la Tanganyika lile lile. Mgonjwa wa hospitali yetu ya Bombo hapa Tanga hatakuuliza ulisoma wapi.

Kinachonitia wasiwasi mie ni ada. Muhimbili ni cha serikali, KCMC ni cha binafsi na ada yake ipo juu, na bodi ya mikopo inaangalia hali ya familia halafu inagawa kwa vipengele, chakula na malazi mbali, ada mbali, vitabu mbali, sasa unaweza ukapata bumu, ile hela ya kujikimu, zuri tu ukashangaa kwenye ada wamekuwekea kidogo na hapo ndo watu wanapolia. Chukua karatasi, andika ada ya kila chuo, kisha jiulize bodi ikilipa nusu, ile nusu nyingine nani anailipa, zidisha mara 5. Mtoto wa dada yangu alifika mwaka wa tatu chuo kimoja cha binafsi wakamzuia mtihani kwa deni, wenzake wapo wodini yeye kalala hosteli analia, tukauza kiwanja cha Pongwe ndo akamaliza. Nyie kiwanja mnacho?

Kwa hiyo thibitisha Muhimbili. Lakini kukaa Mbagala hapana jamani. Mwaka wa kwanza una anatomia, fisiolojia, biokemia, uamke alfajiri ugombanie daladala mpaka Upanga, jioni urudi na foleni ukute vyombo na watoto wa mjomba wanakusubiri, na mtoto wa kike ukisema unasoma unaambiwa unaringa. Omba hosteli mapema. Mama ndo aongee na mjomba, kwa heshima, amwambie kile chakula alichotaka kukupa kwake akusaidie hela ya chumba.

Ile namba ya kuthibitisha ikija kwenye simu ingia mwenyewe, usimwachie kijana wa steshenari, wala usingoje siku ya mwisho mtandao ukagoma.

Halafu cheti cha kifo cha baba, kilihakikiwa RITA, wale wanaosajili vizazi na vifo, na ukakiambatanisha kwenye maombi ya mkopo? Kama hapana, kianze kushughulikiwa kesho asubuhi, ili dirisha la rufaa ya mkopo likifunguliwa uwe nacho mkononi.