Mkuu toa hivyo vimabano < > kwenye mifano yako kabla hujamtumia mteja

Kabla hujaendelea na hiyo PDF ya mwongozo wa komandi unayowaandikia wateja, futa kwanza huu mstari ulioweka kwenye swali lako:

hamisha <orodha.csv> wateja.db

Umeuliza mambo manne kwenye posti yako, uweke alama ya dola mbele ya komandi au usiweke, majibu ya mashine yakae boksi moja na komandi au yatengane, maelezo yawe Kiswahili au Kiingereza, na boksi liwe rangi gani. Hakuna hata moja kati ya hayo litakalokufukuzisha kazi. Litakalokufukuzisha ni hivyo vimabano ambavyo hata hujaviuliza, umepita tu juu juu "nimeweka < > ili ionekane kiprofesheno". Hicho kiprofesheno nakijua mimi, tulishakutana.

Iko hivi. Wewe ukiandika <orodha.csv> kichwani kwako unamaanisha "hapa mteja aweke jina la faili lake". Bash, ile programu inayosoma komandi kwenye teminali ya Linux, haina habari na kichwa chako. Kwa bash < maana yake fungua hili faili usome humo, na > maana yake kitakachotoka kimwage kwenye faili linalofuata, na kama lipo tayari lisafishe kwanza. Kwa hiyo mteja akiweka jina la faili lake akaviacha vimabano, na ataviacha, niamini, mstari wako unasomwa hivi: fungua orodha.csv, safisha wateja.db hadi baiti 0, halafu ndiyo uite programu ya hamisha bila kuipa jina la faili lolote. Umeuona huo mpangilio? Databesi inasafishwa KABLA programu yako haijaamka. Hata kama uliiwekea "una uhakika? ndiyo/hapana" mara saba haitapata nafasi ya kuuliza.

Usiniamini, jaribu mwenyewe kwenye folda tupu (cp ni komandi ya kukopi faili):

echo moja > a.txt
echo mbili > b.txt
cp <a.txt> b.txt

Utajibiwa "cp: missing file operand", utadhani imegoma na hakuna kilichotokea. Sasa andika ls -l uangalie b.txt ina ukubwa gani. Ehee.

Na utamu wenyewe ni kwamba bash inaanza kushoto kwenda kulia, kwa hiyo kama faili la ndani ya vimabano halipo, inagomea hapo hapo kwenye < na lile la pili linasalimika. Yaani mvivu aliyekopi bila kubadilisha kitu anapona, anayeumia ni yule aliyesoma maelekezo yako vizuri akaweka jina sahihi la faili lake.

Mimi haya sikuyasoma kitabuni. Tulikuwa na mfumo wa mauzo tumewafungia jamaa wa duka la vifaa vya ujenzi, saruji, nondo, misumari, rangi. Data yote ilikaa kwenye faili moja la SQLite (databesi inayokaa yote ndani ya faili moja), mauzo.db, na kulikuwa na kikomandi cha kupakia bei mpya kutoka kwenye CSV, yaani faili la orodha lililotenganishwa kwa mkato. Mwongozo niliandika mimi. Nikaweka pakia-bei <bei.csv> mauzo.db na juu yake maelekezo mazuri tu, funga mfumo, ingia kwenye folda, weka jina la faili lako la bei. Kijana wa pale dukani akafuata neno kwa neno. Akafunga mfumo, akaingia kwenye folda, akaandika pakia-bei <bei-mpya.csv> mauzo.db, akapiga enta.

Programu ikaamka haina majina ya faili, ikamtolea mstari wa msaada. Na mstari wa msaada unasemaje? "Matumizi: pakia-bei <bei.csv> <databesi>". Vimabano tena! Mtoto wa watu akalinganisha na alichoandika, akaona mbona niko sawa, akarudia. Ikakataa tena, akaachana nayo akafungua mfumo aendelee kuuza.

Hapa ndipo kuna kitu ambacho hadi leo kinanichoma. SQLite ukiipa faili la baiti 0 hailalamiki. Kwake hilo ni databesi halali, ila tupu. Na programu yetu ikiwaka inaangalia kama majedwali yapo, yasipokuwepo inayatengeneza, tulijiona wajanja sana kuweka hiyo kitu maana mteja mpya hahitaji kufanya chochote. Kwa hiyo mfumo ukafunguka safi kabisa, unang'aa, kama siku ya kwanza. Kijana akaona mauzo sifuri, akadhani ndiyo apdeti yenyewe inavyokuwa, bei akaziingiza kwa mkono moja moja, na wala hakunipigia maana hakukuwa na kosa la kuripoti.

Usiku bakapu ikajiendesha. Bakapu yetu ilikuwa inakopi mauzo.db kwenda kwenye faili moja tu, lile lile kila siku. Ikachukua kile kitupu ikafunika kizima. Shwari.

Nilikuja kujua pale mwenye duka alipopiga simu kutaka orodha ya wanaodaiwa. Mauzo ya nyuma tuliyakusanya kwa shida, risiti za EFD (mashine ya kodi) zipo, taarifa za Z (majumuisho ya mauzo ya siku) zipo, delivari noti zipo, tukakaa tunaingiza kimoja kimoja. Madeni sasa. Mafundi waliokopa saruji walikuwa wameandikwa kwenye mfumo peke yake, daftari walishalitupa kwa sababu sisi ndiyo tuliwaambia walitupe. Ukimpigia fundi anakwambia "mimi? duka gani hilo?" Wengine walikuja kulipa wenyewe, Mungu awabariki, wengine mpaka leo nikipishana nao naona wanavuka barabara. Hasara ile iligawanywa, na upande wetu iliangukia mshahara wa nani unadhani? Wa mwandishi wa mwongozo.

Sasa nimseme kidogo aliyeniingiza chaka. Kiongozi wa timu yetu wa wakati huo, mzee wa "best praktisi", ukimuuliza kitu anakujibu kwa sauti ya chini kama daktari bingwa. Mimi mwanzoni niliandika FAILI_LA_BEI kwa herufi kubwa, bila vimabano, akanirudishia na alama nyekundu eti "hii ni ya kizamani, tumia < >, hata Git wanatumia", Git ni ile programu ya kutunza matoleo ya kodi. Nikamuuliza mtu akiviacha itakuwaje, akasema amejaribu, inagoma tu, haina madhara. Na kweli alijaribu! Kwenye laptopu yake ya Windows, ndani ya PowerShell, teminali ya Windows, ambako alama ya < imehifadhiwa haitumiki, ukiiweka mstari mzima unakataliwa kabla ya kuguswa chochote. Wateja wetu wote walikuwa kwenye Ubuntu, yaani Linux, inayotumia bash. Yaani alipima kina cha maji kwenye beseni akaturuhusu tuvuke bahari. Mambo yalipoharibika akasema mteja hajafundishwa. Haya.

Na hiyo hoja ya Git nitaikatisha hapa hapa maana najua kuna mtu atakuja nayo. Ni kweli kurasa za msaada za Git zimejaa <repo> na <dir>, na hata POSIX, kiwango cha mifumo ya aina ya Unix, wanakubali kuandika sehemu ya kujaza hivyo. Lakini pale ni mstari wa kueleza umbo la komandi, umewekwa na mabano mraba ya vitu vya hiari na nukta tatu, hakuna mwenye akili timamu anayekopi ule akapesti. Wewe unaandika MFANO. Mfano upo ili ukopiwe. Siku hizi boksi lenyewe lina kitufe cha kukopi pembeni, unadhani mtu atasoma au atabonyeza?

Kwa hiyo sheria yangu ni moja na sibishani nayo na mtu: kila mstari kwenye mwongozo, ukopi ulivyo, upesti kwenye teminali ya aina anayotumia mteja, upige enta. Halafu fanya mara ya pili kama mteja, badilisha jina tu na alama nyingine zote uziache. Ukivunjika uvunjike kwa kelele bila kugusa faili la mtu. Andika hivi:

hamisha FAILI_LA_ORODHA wateja.db

halafu chini yake sema "badala ya FAILI_LA_ORODHA weka jina la faili lako, kwa mfano orodha.csv". Mtu akisahau kubadilisha programu yako inapokea jina la faili lisilopo, inasema halipo, yamekwisha. Herufi kubwa na mistari ya chini, nyaraka zote, kurasa zote, na kwenye mstari wa msaada wa programu vile vile, usije ukarekebisha PDF ukaacha programu inafundisha uchawi ule ule. Google nao kwenye mwongozo wao wa uandishi sehemu za kujaza wanaziandika kwa herufi kubwa, kama unahitaji jina kubwa la kumtishia bosi wako.

Dola ulizouliza, ukipima kwa sheria hiyo hiyo jibu linatoka lenyewe. Mtu akikopi "$ hamisha ..." anapata "$: command not found", kelele lakini haina madhara, kwa hiyo itoe tu, weka pale tu unapoonyesha komandi na majibu yake pamoja. Ile # ya kuonyesha wewe ni root (mtumiaji mkuu) ni mbaya zaidi, bash inaiona ni maelezo, inaruka mstari mzima kimya, mteja anaenda hatua ya tatu akiamini ya pili imefanyika. Na usije ukakopi mistari yenye ile > ya mwanzo inayotokea komandi ikiwa haijaisha, au mysql> yote ya programu ya databesi ya MySQL, maana hiyo > ni ile ile iliyokula mauzo.db.

Kitu kingine, hukuuliza ila naona umesema unaandikia kwenye Word. Word inageuza -- kuwa mstari mmoja mrefu na nukuu zako zilizonyooka inazipinda, macho hayaoni tofauti ila bash inaona. Zima hiyo kwanza au andika kwenye editha ya kawaida.

Na kwenye seva za wateja ambao tayari wanayo PDF ya kwanza weka set -o noclobber kwenye .bashrc, faili la mipangilio ya bash, bash itakataa kusafisha faili lililopo kwa >. Wapigie leo. Usitume PDF ya pili kimya kimya ukadhani wataifungua, ile ya zamani iko kwenye WhatsApp zao na ndiyo watakayoitafuta siku bei zikipanda.