Wasomaji wanauliza: mashine inalia kila hatua

*Nimenunua detekta ya metali, ya mtumba. Juu ya meza inaona pete vizuri. Shambani, upande wa Kipushi, inalia kila hatua, na nikichimba napata udongo mtupu. Nimepandisha usikivu hadi mwisho, kelele ndizo zimezidi. Imeharibika? Msomaji wa Katuba, Lubumbashi*

Kaka, mashine ni nzima, inayolia ni ardhi. Udongo wetu mwekundu umejaa oksidi za chuma, na vile vijiwe vya kahawia vya laterite vinaweza kuijibu bobini (ile sahani ya chini inayotafuta) kama msumari. Ukipandisha usikivu unaipa ardhi sauti kubwa zaidi, pete hainufaiki. Anza kwa kushuka.

Weka usikivu katikati, zima uchujaji wote (uwezo wa mashine kunyamazia aina fulani za metali). Tafuta kipande cha ardhi kisicho na metali. Ukisawazisha mashine na ardhi juu ya msumari uliojificha, kila kinachofuata kitakuwa cha uongo. Shika kitufe cha kusawazisha, inua bobini sentimita 30, ishushe hadi 3 bila kugusa chini, ipandishe tena. Rudia mara 6 hadi 10, mpaka sauti ya juu na ya chini iwe moja. Kama mashine yako ni ya kuzungusha kwa mkono, zungusha kidogo kidogo. Kelele ikizidi, rudi upande wa pili. Ndipo upandishe usikivu ngazi moja moja. Ikianza kupigapiga bila sababu, shuka ngazi moja, ubaki hapo. Ukitoka kwenye udongo mwekundu ukaingia kwenye ule mweusi wa bondeni, au mvua ikinyesha, sawazisha upya.

Angalia pia waya wa bobini. Ukining'inia hulia kila unapogeuza mkono, kwa hiyo uviringishe kwenye fimbo ukaze. Vua kifuniko cha plastiki cha chini ya bobini ukipanguse: vumbi jekundu hujaa mle ndani, na mashine inaishia kusikiliza uchafu wake yenyewe. Simu izimwe. Chini ya nyaya kubwa za SNEL, shirika la umeme, badilisha masafa kama mashine inaruhusu, la sivyo hama.

Halafu mkono. Wengi hupunga kama wanafyeka majani, bobini inapanda mwisho wa kila upande, na pale inapopanda usawazishaji wote umepotea. Iende sambamba na ardhi, sentimita 2 au 3 juu, na kila mpito ufunike nusu ya uliotangulia.

*Parseli (kiwanja) yetu Kamalondo ni ya zamani, imejaa misumari. Ninunue bobini kubwa ili nifike chini? Na uchujaji niuweke wapi ili vifuniko vya chupa za bia ya Simba visinisumbue?*

Kubwa hapana. Bobini kubwa huona msumari na pete kwa pamoja, na mara nyingi sauti ya msumari ndiyo inayoshinda. Chukua ndogo ya aina ya DD, kama sentimita 13 kwa 20. DD huona ardhi kwa mstari mwembamba toka mbele hadi nyuma, wakati ile ya konsentriki huona kwa umbo la faneli na kubeba udongo mwingi kwa mara moja. Utapoteza sentimita chache za kina, utapata vitu vilivyojificha kati ya misumari. Kwa fedha ya kifaa kimoja tu, tungenunua hiki kabla ya kingine chochote.

Uchujaji: zima chuma peke yake. Kifuniko cha chupa ni chuma, ila ubapa wake hudanganya mashine hadi kisomeke kama sarafu. Ukizima namba yake kwenye kioo cha mashine, umezima na vingine vizuri. Pete nyembamba ya dhahabu husomeka pamoja na vipande vya alumini, na sengi 10 ya 1967, ile yenye chui, nayo ni alumini. Franka 2 ya 1943, ya pembe 6 yenye tembo, ina mlio wa nguvu zaidi maana ni shaba na zinki. Tumia sikio: pitisha bobini, kisha zunguka robo duara upitishe tena. Pete inabaki pale pale kwa sauti ile ile. Kifuniko sauti yake hukatika, na ukikivutia polepole kwenye ncha ya bobini mara nyingi hushuka hadi mlio wa chuma.

Kaske (spika za masikioni) nayo inafaa, kwa kuwa kitu cha chini hulia kama mnong'ono. Tazama kwanza kama tundu ni la milimita 6.35 au 3.5.

*Itaona malakiti? Msomaji wa Likasi*

Haioni. Malakiti ni shaba iliyoungana na kaboni na oksijeni, umeme haupiti humo vizuri. Kwa punje ndogo za dhahabu inafaa zaidi mashine ya kiloherzi 40 na kuendelea, tena uchimbaji wa mikono unaruhusiwa kwa mwenye kadi tu, ndani ya maeneo yaliyotengwa chini ya sheria ya madini ya Kongo (Code minier) ya 2002, iliyorekebishwa 2018. Ukikuta msalaba wa shaba wa kale, uache ulipo ukaarifu jumba la makumbusho; mali ya utamaduni inalindwa na sheria ya 1971. Na chenye umbo la bomu usikiguse wala usikichimbue: weka alama, ondoka, ita polisi.